Chale za Yampoko

Wanawake wa soko la vitambaa walikuwa wamekwisha kumchoka Evarist Toe kabla hajamaliza mstari wa pili wa meza. Kila meza aliyosimama, swali ni lile lile na karatasi ni ile ile: picha ya mwanamke kuanzia shingoni kushuka, ameinama kisimani, kitambaa kimemkaa kiunoni. Picha nzima nyekundu, utadhani imechovywa kwenye juisi ya choya.

"Mama, samahani. Kitambaa hiki chenyewe kilikuwa rangi gani?"

"Si chekundu hicho? Huna macho?"

"Si chekundu, mama. Ni sinema ya zamani, mkanda umechuja. Kila kitu kimekuwa chekundu, hata mbuzi, hata mawingu."

"Basi nunua kipya, baba, utuache tuuze."

Wakacheka. Meza ya pili kutoka mwisho alikuwa amekaa dada mmoja, kalamu ya risasi kaichomeka kwenye nywele za kusuka, gauni la pamba ya kufumwa, mistari ya bluu na manjano, limeshonwa likamkaa mpaka Evarist akasahau swali lake.

"Lete hapa hiyo karatasi," dada alisema. "Unaitwa nani wewe unayetafuta rangi ya mbuzi?"

"Toe. Evarist Toe."

Mstari mzima ukalipuka. Toe! Ukisikia jina hilo hapa mjini Wagadugu, huna haja ya kuuliza kabila.

"Kumbe Msamo! Mtumwa wangu! Ndiyo maana. Nikashangaa, mtu mzima na ndevu zake anazunguka sokoni na karatasi. Umekula mbwa wangapi leo?"

"Na wewe ni nani?"

"Talato Nikiema."

"Mmosi! Alhamdulilahi. Mtumwa wangu aliyetoroka na kichwa cha mbwa wangu, leo nimempata. Funga meza twende nyumbani ukapike."

Sisi tuliozaliwa huku hatushangai. Wasamo na Wamosi ni watani toka enzi za mababu, kila mmoja humwita mwenzake mtumwa, na kichwa cha mbwa kinachogombaniwa hakuna aliyepata kukiona. Sheria ni moja tu: mtani hachukiwi. Akuseme, akudhihaki, aje msibani kwako alale juu ya jeneza adai apewe pombe, utacheka. Ukikasirika umejiaibisha wewe na ukoo wako. Sheria nzuri hiyo, nami naipenda. Lakini ndiyo iliyokuja kuwakaba koo watu hawa wawili.

Talato alikuwa ameacha kucheka, anaisogeza karatasi karibu na macho.

"Hii ni nili," alisema. "Ile ya kuchovya mara nne. Na huu mstari ni mweupe. Halafu hapa pana kitu, tazama, uzi umeungwa. Niachie. Baba yangu ni mfumaji, atakuambia mpaka pamba ilitoka shamba la nani."

"Na namba yako ya simu?"

"Ya nini?"

"Ya karatasi yangu. Nyie Wamosi ni wezi."

Akampa.

Saa kumi jioni Evarist alikuwa kwenye kibanda chake cha kutengeneza simu, mtaa wa Gungen, anafungua simu ya mtu iliyoangukia kwenye mchuzi, yake ikalia.

"Mtumwa wangu," alipokea.

"Evarist, acha." Sauti ilikuwa nyingine kabisa. "Baba analia."

"Kuna nini?"

"Hicho kitambaa alikifuma yeye. Uzi ulikatika akauunga kwa nyuzi mbili nyeupe, kaisogeza karatasi machoni mpaka kapaona. Ni kitambaa cha harusi yake. Huyo mwanamke ni mama yangu. Alikufa nina miaka miwili, na picha zake zote zililiwa na mchwa. Mimi simjui, Evarist." Kisha akauliza polepole, kama mtu anayeogopa bei. "Huko kwenye sinema yako... ana uso?"

Evarist akaweka bisibisi chini. "Ana uso. Anacheka."

Sinema yenyewe iliitwa Mvua ya Nane. Ilipigwa mwaka themanini na moja, na Evarist aliiona akiwa mtoto kwenye ukuta wa misheni kule kwao Tugan, akaipenda upendo ambao watu wazima humpa mke. Aliyeitengeneza alishakufa, kampuni ilishavunjika, zilizobaki ni kanda za video zilizorudufiwa mpaka nyuso zimekuwa uji. Kisha akasikia kwamba kwenye ghala la ukumbi mmoja uliofungwa kuna mkanda halisi, umeviringishwa kwenye magurudumu sita, kila moja na kopo lake. Alipofungua makopo, harufu ya siki ikampiga usoni. Wanaojua mambo hayo wanajua harufu ile: mkanda umeanza kuoza, wala hakuna dawa. Unaweza tu kuuwahi.

Akatengeneza mashine yake mwenyewe, projekta mbovu na kamera moja, ikapiga kila picha ya mkanda, moja moja. Kisha kwenye kompyuta akaanza kurudisha rangi na kufuta mikwaruzo, apate Mvua ya Nane safi, ya ubora wa leo, mtu ahesabu hata punje za mtama. Hakuna aliyemtuma na hakuna aliyemlipa. Majirani walisema mke wake ni siki.

Sasa Talato akawa anakuja kila akifunga meza. Anamwonyesha rangi ya nili, rangi ya udongo wa masika, rangi ya pombe ya mtama kibuyuni.

"Huyu mzee umempaka nini? Ngozi ya kijani! Mmosi si mjusi, wewe."

"Nilidhani ni mjusi. Mnapenda jua."

"Nikurushie hili andazi la kunde?"

"Rusha, lina kunde nyingi."

Mapenzi hayakuomba ruhusa. Siku moja Talato alichelewa kuja, Evarist akapiga simu mara nne. Mara ya tano akapokea. "Hee, bwana, kuna moto?" "Kuna giza." "Giza saa tisa mchana?" "Ndiyo ujue lilivyo kubwa." Talato akacheka mpaka wenzake wa soko wakamuuliza ni nani huyo.

Jambo moja tu hakutaka. Gurudumu la nne, lenye mama yake, hakutaka kulitazama. "Sitaki kumwona mwekundu, ana mikwaruzo kama kapigwa. Msafishe kwanza. Nitamwona siku ambayo baba atamwona." Na baba yake, mzee Rasmane, alikuwa na presha ya macho; kuona kwake kunafungwa kutoka pembeni, kama mtu anayesukuma milango miwili. Daktari alisema mpaka mavuno, akijaliwa. Hospitali haikuwa na la kuongeza.

Basi ilikuwa ni mbio. Na katikati ya mbio hizo, siku moja wanakula andazi mbele ya kompyuta, akatokea bibi wa Kimosi kwenye sinema, chale za zamani zimemshuka mashavuni. Evarist akasema, mdomo umejaa:

"Nyie mlichanjwa usoni kama mikate inayosubiri tanuri. Mashine yangu hii, nikiiachia, inawafuta wote."

"Futa uone. Nitakufuta wewe."

Wakacheka. Utani mdogo, hata hawakuukumbuka kesho yake.

Gurudumu la nne ndilo lililokuwa bovu kupita yote. Mikwaruzo ilishuka mwanzo mpaka mwisho kama mvua, juu ya anga, juu ya kisima, juu ya uso wa mwanamke. Mkanda ulikuwa umepita kwenye mashine mara moja tu, ukatoka unakatika vipandevipande. Evarist akashukuru amewahi. Akaiwekea programu nguvu zote: kila mstari unaoshuka, ondoa. Akaiacha ikafanya kazi kutwa nzima. Jioni akatazama, picha inang'aa kama sahani iliyooshwa. Diski ilikuwa imejaa na gurudumu la tano linasubiri, kwa hiyo akafuta zile picha za mwanzo, chafu. Akalala anatabasamu, maskini.

Jumapili baada ya misa akabeba televisheni kubwa ya kuazima mpaka kwa mzee Rasmane. Mzee alikuwa amevaa joho lake la pamba nyeupe, kanyoa, kajipaka mafuta. Akasogeza kiti mpaka magoti yakagusa kioo. Majirani wakajaa uani. Talato alisimama nyuma ya baba yake, mikono begani kwake.

Sekunde thelathini na nane. Mwanamke anavuta kamba, anainua kibuyu, anageuka, anacheka. Nili ya kitambaa ilikuwa nili kweli.

Mzee akasogeza uso karibu zaidi na kioo. Kisha akasema, "Kisima ni chenyewe. Kitambaa ni chenyewe. Huyu mwanamke ni nani?"

"Baba, si mama?"

"Yampoko alikuwa na chale tatu kila shavu. Na moja kushoto, inaanzia puani. Huyu uso wake ni kama yai." Akageuka, anamtafuta Evarist kwa lile tundu dogo la macho lililobaki. "Kijana, umetuletea nani?"

Evarist akakumbuka amri aliyoipa programu. Mistari inayoshuka. Kila mstari unaoshuka.

"Ulisema," Talato alinong'ona.

"Talato, ni programu, haikujua..."

"Ulisema utatufuta wote."

Jirani mmoja akasikia, akapiga makofi. "Jamani! Msamo kaiba chale za Mmosi! Kaenda kuzila na mbwa!" Uani kote vicheko. Walidhani ni utani, tena utani mkubwa kuliko wote uliopata kufanyika mtaa ule. Wengine wakampongeza, wakampiga mgongoni.

Talato naye angefanya nini? Mtani hachukiwi. Akacheka. Evarist hajapata kusikia kicheko kibaya kama kile.

"Umeniweza, mtumwa wangu," alisema. "Utani wako umekolea." Akaingia ndani, akafunga mlango.

Evarist alirudi kwenye kopo la gurudumu la nne. Mkanda ulikuwa umeshikana ukawa tonge, akigusa unameguka kama kashata. Akampelekea diski rafiki yake wa mji wa Bobo, bingwa wa kufufua vilivyofutwa. Jibu likaja baada ya siku tatu: umeandika gurudumu la tano juu yake, kaka, hakuna kitu. Maji yamemwagika. Kwa mara ya kwanza katika miaka miwili alikaa mbele ya mashine yake bila kujua mkono aupeleke wapi.

Akapiga simu. Siku ya nne ikapokelewa.

"Talato, nisamehe. Sikujua. Naapa kwa kaburi la bibi yangu."

"Nimecheka, Evarist. Hukuniona? Nimecheka mbele ya watu."

"Sikukutania."

"Msamo anamwambia Mmosi hakumtania." Sauti ilikuwa kavu. "Hiyo nayo nzuri. Nicheke tena?"

Simu ikakatika.

Akaenda mwenyewe, akapiga magoti getini. Kosa! Wanawake walioketi na mabeseni ya kufulia wakaangua kicheko. "Msamo kaja kuomba radhi! Kalete kichwa cha mbwa kwanza!" Mmoja akammwagia maji. Kadiri alivyosema "naomba msamaha" ndivyo walivyoshika mbavu, na mwishowe akainuka akaondoka, suruali inachuruzika. Mtu anaweza kuwa na neno la kweli kinywani na asipate pa kulitua.

Siku iliyofuata akarudi, ila hakusema kitu. Akakaa kwenye kigogo kando ya mtambo wa kufumia wa mzee. Wakamwita mla mbwa, kimya. Wakamwita mtumwa, kimya. Kesho yake hivyo hivyo. Siku ya tatu wale wanawake wakaacha kucheka, wakaanza kuongea chinichini. Msamo asiyemjibu Mmosi! Hata msibani hatujaliona hilo.

Mzee Rasmane akasimamisha mtambo. "Kijana, mtani asiyetania ana nini? Umefiwa?"

"Nimeua, mzee."

"Umemuua nani?"

"Mkeo. Mara ya pili." Na hapo Evarist akalia, mbele ya wanawake wote wale, bila hata kujifuta. "Chale zilikuwepo. Mkanda ulikuwa nazo. Mimi ndiye wa mwisho duniani niliyekuwa nazo, nikazifuta nikidhani ni uchafu. Na siwezi kuzirudisha. Nimejaribu, mzee. Siwezi."

Hakuna aliyecheka.

Mzee akaita, "Talato! Njoo hapa. Kaa chini." Akamshika binti yake kidevu. Akafumba macho, ambayo hata hivyo hayakuwa na kazi kubwa, na kwa kidole kilichopitisha nyuzi miaka hamsini akashusha mstari juu ya shavu lake, kutoka karibu na sikio hadi taya. Kisha wa pili. Kisha wa tatu. Kisha kushoto, ule wa puani, akaukunja kidogo mwishoni.

"Hapa palipinda," alisema. "Alitikisa kichwa, alikuwa mtoto. Mchanjaji akakosea. Mimi nilipapenda hapo kuliko pote." Akageuza uso. "Kijana, umeona?"

"Nimeona."

"Basi chora."

Sekunde thelathini na nane ni picha mia tisa na kumi na mbili. Evarist alitaka wachore chache, mashine izifuate zilizobaki. Talato akakataa. "Mashine ilishamgusa mara moja. Inatosha." Basi wakachora kwa mkono, moja moja, kila alasiri, yeye Talato na kalamu ya kompyuta, Evarist akimkuzia picha. Siku za mwanzo hawakusemezana zaidi ya "inayofuata" na "rudi nyuma".

Siku ya tano Talato akasema bila kumtazama, "Nilijua ni mashine. Siku ya pili yake tu nilijua."

"Sasa mbona..."

"Ningemkasirikia nani? Mashine haina ukoo. Na wewe sheria inanikataza. Nilijaa mpaka hapa, Evarist, na sina pa kutapikia." Akachora mstari. "Inayofuata."

Evarist akaiweka inayofuata. Kisha akamgeukia, akasema, "Nikasirikie mimi. Hapa hakuna Mmosi wala Msamo. Mlango umefungwa."

Talato akaweka kalamu chini, akamkasirikia. Alimkasirikia nusu saa nzima, kwa sauti, akimtaja kwa majina yake yote mawili, na Evarist akapokea yote. Alipomaliza akamwegemea begani, akalala kabisa, kama mtu aliyetoka kupalilia.

Picha ya mia sita, Evarist akasema, "Tukimaliza nitakuja kwa mzee na kokwa za kola."

"Kola za radhi?"

"Za kukuposa wewe."

"Mtumwa amuoe bwana wake?"

"Sina njia nyingine ya kukipata kichwa changu cha mbwa."

Akamfinya, macho yakamjaa maji na kicheko. "Tumalize kwanza, laazizi. Baba aone. Halafu ulete hata gunia."

Picha ya mia saba na arobaini ndiyo waliyokuwa nayo siku mzee Rasmane alipogonga mtungi uliokaa mahali pale pale miaka ishirini. Akasimama katikati ya maji, akauliza nani amezima taa. Ilikuwa saa sita mchana. Daktari aliwaambia yaleyale aliyokwisha kuwaambia.

Talato alirudi kwa Evarist siku hiyo hiyo, akakaa, akashika kalamu.

"Tunamchorea nani sasa?" aliuliza.

Evarist akasogeza kiti karibu naye. Akamwekea inayofuata.

Jumapili walipomaliza, televisheni ilikuwa ile ile, joho lile lile. Mzee alinyolewa na binti yake. Majirani walikuja tena, ila safari hii hakuna aliyekuja na mdomo wake. Talato akamkalisha baba yake mbele ya kioo, akabonyeza, kisha akamweleza sikioni: anavuta kamba sasa, baba. Anainua kibuyu.

"Chale ya kushoto," mzee alisema. "Imeanzia wapi?"

"Puani, mzee," Evarist alijibu. "Na mwishoni imepinda."

"Basi ni yeye." Akainua mkono. "Simamisha. Anageuka lini?"

"Ndiyo anageuka hivi, baba. Anacheka. Anatazama upande, siyo kwenye kamera."

"Najua. Alikuwa ananitazama mimi. Watu wa sinema walimwambia awe na huzuni, mimi nikasimama kando ya kamera yao nikampigia sura za nyani, nikawaharibia." Akapapasa mikono ya kiti. "Kulia kwa kamera. Nihamisheni."

Wakahamisha kiti, Evarist upande huu, Talato upande ule, hatua moja, hatua mbili kulia. Talato akainama juu ya bega la baba yake, akachungulia kioo kutoka hapo, kama fundi anayepima mlango.

"Hapo," alisema.

Mzee akanyoosha joho, akaelekeza uso wake kwenye kioo. "Sasa ananiona?"

Evarist, ambaye maisha yake yote hakupata kukosa la kumjibu Mmosi, alimtazama Talato, kisha akamtazama mwanamke wa kisimani, aliyekuwa anamcheka mumewe moja kwa moja.

"Anakuona, mzee."

Mzee Rasmane akakunja pua, akatoa meno, akapuliza mashavu, sura mbaya ya nyani, na mvi zake zote.

"Bado anacheka?"

"Bado, baba," Talato alisema. Mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wa Evarist, anaubana mpaka unauma.

"Rudisha," mzee alisema, "tuanze tena."